Kunguru Aliyeuza Jua

Kunguru alifika saa sita mchana, saa ambayo kwenye fukwe za Msimbati hata mchanga unaumiza macho. Alitua juu ya paa la ofisi ya kijiji, akajikung'uta vumbi la barabara ya Madimba, akanyoosha ukosi wake mweupe. Wajuzi wa ndege walinong'ona kwamba weupe ule wa shingoni kazaliwa nao. Mwenyewe alisema ni sare ya kampuni, na kwamba cheo chake ni Afisa Mauzo Mwandamizi, Kanda ya Kusini.

Kijiji kimejificha ndani ya mikoko, kule Ruvuma inakomwaga matope yake baharini na Msumbiji inakoonekana ng'ambo. Tangu mwaka 2000 eneo lote hilo ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa hiyo wakazi wake wamewazoea wageni wenye karatasi. Mgeni akifika, huitwa kikao. Kikao kikiisha, mgeni huondoka na karatasi hubaki. Ulikuwa mwezi wa Novemba, msimu wa korosho, wakati ambapo kila mwenye godoro, pikipiki au dawa ya nguvu huikumbuka Mtwara ghafla na kushuka nayo. Mwenyekiti, Bwana Ngedere, aliamuru mbiu ipigwe. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na safari hii jambo lenyewe lilikuwa jua.

"Jua?" Mzee Kobe alishangaa. "Si hili linalotubabua?"

"Hilo hilo, mzee wangu. Mnalo siku zote, lakini linapotea bure. Kila likizama jioni, limekwenda na mali yenu."

Hakuna aliyewahi kuyatazama machweo kwa jicho la hasara. Kikao kilinyamaza, kila mmoja akikadiria ameibiwa kiasi gani tangu enzi za mababu.

Kunguru akaona wameiva, akabadili sauti. "Ndugu zangu wa Kusini, mmeonewa vya kutosha," alisema, akaelekeza bawa upande wa Madimba. "Gesi imetoka chini ya makucha yenu. Imepita kwenye bomba ikaenda kuwasha Dar es Salaam. Nyinyi je?"

Alikuwa ametonesha kidonda, tena kwa ukweli mtupu. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, ikakaa ardhini kama robo karne kabla haijawasha taa ya mtu Mtwara mjini. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani kupinga bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Nyumba zikachomwa, roho zikapotea. Miaka miwili baadaye bomba likazinduliwa vilevile, likianzia Madimba na kuishia Kinyerezi. Mikoa ya Lindi na Mtwara yenyewe iliendelea kwa miaka mingi kuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea mashine zake, na mashine zikiugua, giza ni la wote. Yote haya Kunguru aliyasimulia kwa uchungu ambao hata waliokuwepo mwaka ule hawakuwa nao tena. Mwongo mchanga ndiye anayeanza na uongo. Huyu alikuwa amekomaa.

Komba alipiga makofi. Lakini Komba, msimu wa mabibo, hupiga makofi akisikia sauti yoyote inayopanda, maana huwa ana uraka kichwani tangu asubuhi.

Aliyeomba kusema ni Kasa, mkongwe kuliko wote, ambaye huja nchi kavu kwa kazi ya kutaga tu na hapendi kupotezewa muda. "Mgeni wa kwanza alikuja na karanga," alisema. "Vita vya wazungu vimeisha, kwao mafuta ya kupikia hayaonekani. Wakatuambia Nachingwea itakuwa shamba la karanga la kuilisha Uingereza nzima. Wakaanza kujenga bandari pale Mtwara, wakatandika reli. Mwaka 1951 wakatangaza kwamba mpango umekufa. Bandari ikaja kukamilika karanga zikiwa zimeshazikwa. Reli ikang'olewa. Na wao pia walikuja mchana, wamependeza."

"Bibi yangu," Kunguru alijibu kwa adabu zote, "karanga zilitaka mvua. Mimi nauza jua."

Kikao kiliangua kicheko, na katika vikao vyetu anayechekesha ndiye anayeshinda. Kasa akaongeza jambo moja tu: taa zikiwekwa ufuoni, watoto wake watafanyaje? Kasa wachanga wakitoka mchangani usiku hufuata mwanga, kwa sababu tangu dunia iumbwe, mwanga wa usiku ufuoni ni bahari.

"Watapewa elimu," alisema Kunguru, akaandika kitu kwenye daftari.

Ndipo likafunguliwa boksi. Ndani mlikuwa na paneli, betri, taa nne, redio, na kijana mwembamba aliyejikunja pembeni kwenye kijumba chake. "Huyu ni Nyenje, mtaalamu wa mfumo. Ataishi humu ndani. Mkilipa, nampigia mlio, anafungua. Msipolipa, anafunga. Hata nikiwa Dar es Salaam ananisikia."

Kwa wanadamu, Nyenje huyo ni laini ya simu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na muongo uliofuata kampuni za umeme wa jua wa kulipia kidogo kidogo zikaenea Afrika Mashariki yote. Mtu aliyeketi ofisini Nairobi akaweza kuzima taa ya chumba asichokijua, katika kijiji asichoweza kukitamka. Sisemi kwamba biashara ile ni haramu. Kaya nyingi zimeachana na kibatari kwa njia hiyo, na aliyesomea kwa kibatari anajua masizi yake yanakaa wapi. Nasema tu kwamba kabla ya hapo, aliyekuuzia taa hakuwa amebaki na kidole chake kwenye swichi.

Bi Kaa, muuza chumvi, ndiye aliyekuwa na maswali. Alisogea upande upande kama desturi ya ukoo wao, na Kunguru, aliyezoea wateja wanaokuja uso kwa uso, hakujua amtazame jicho lipi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hilo boksi linauzwa bei gani?"

"Kianzio kilo 20, halafu korosho 40 tu kwa siku."

"Sijauliza kwa siku. Nimeuliza bei."

"Bibi, ukihesabu bei utaogopa. Hesabu siku. Korosho 40 ni nini? Mtoto anazimaliza akitumwa dukani."

"Kwa siku ngapi?"

"Miaka mitatu tu."

Bi Kaa akainama, akaanza kuchora mchangani kwa ncha ya mguu. Korosho 40 kwa siku 365 ni korosho 14,600. Kwa miaka mitatu ni 43,800. Kilo moja ya korosho ghafi huingia kama korosho 200, kwa hiyo ni kilo 219. Weka kianzio, zimekuwa 239. Gunia la katani la korosho hubeba kilo 80. "Magunia matatu kasoro kilo moja," alisema. "Na pale mjini Mtwara, boksi kama hili, bila huyo kijana, linauzwa kwa gunia moja na chenji inarudi."

"Hayo magunia mawili mengine ni huduma, bibi."

"Huduma gani?"

"Huduma ya kulipa polepole."

Alipouliza paneli ni ya wati ngapi, aliambiwa wati si tatizo. Alipouliza betri ni ya nini, aliambiwa ni ya kisasa. Alipouliza fundi anakaa wapi, Kunguru alionyesha angani. Korongo, mvuvi, akamkata kauli kwa hamu: je, litawasha friji la kugandisha samaki? "Friji, pasi, chochote," alisema Kunguru.

Naomba nimkatize hapa, kwa kuwa Korongo ni jirani mwema na hakustahili. Paneli ile ilikuwa ya wati 50. Siku ya jua zuri hupata kama saa tano za nguvu kamili, hivyo uvunaji wote ni wati-saa 250, kabla hujaondoa zinazopotea njiani. Taa nne za wati 3 zikiwaka saa tano hula 60, redio nayo ina chake, na hapo mambo ni mazuri kabisa. Friji la kugandisha samaki, hata lile dogo, linaweza kula yote hayo likabaki linadai. Hesabu hiyo inaingia kwenye ganda la kome. Korongo aliuza mtumbwi wake wa akiba akanunua friji.

Mkataba ulikuwa na kurasa kumi na moja. Wa kwanza ulikuwa wa Kiswahili, wenye picha ya familia ya kunguru wakitabasamu, nyingine zote zimeandikwa kikunguru. Mzee Kobe akabonyeza alama ya mguu, Korongo akabonyeza, Komba akabonyeza mara mbili kwa furaha. Mwenyekiti hakubonyeza kitu. Paneli yake ilikuwa imeshafungwa usiku wa kuamkia kikao, bure, kwa kazi ya uhamasishaji. Ilipofika zamu ya Bi Kaa, alitulia, akainua gando lake juu, akaliacha pale.

Wanakijiji wakaelewa. Kaa akiinua gando, mambo yamekatika. Kunguru yeye alidhani ni kura ya ndiyo, akamwandika jina.

Wiki moja baadaye paneli zilikuwa juu ya mapaa. Mtwara iko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo miezi kama minane ya mwaka jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na fundi anayejua kazi huilaza paneli kidogo kuelekea huko. Vijana wa Kunguru walizielekeza kusini, ambako ndiko iliko barabara, ili wapita njia wazione. Ya Mzee Kobe ikawekwa chini ya mkorosho, isichome paa. Iliyoelekezwa kaskazini, mahali peupe pasipo kivuli, ilikuwa moja tu, ya Bwana Ngedere. Kwa Bi Kaa walipeleka boksi pia, wakakuta mlango umezibwa kwa matope.

Hata hivyo taa ziliwaka, na lazima niseme zilipendeza. Watoto wa Kobe walisoma. Komba alifungua kilabu cha uraka ufuoni, akatundika taa ya nje, redio ikapiga mpaka usiku wa manane. Friji la Korongo lilinguruma jioni mbili, la tatu likakata, na samaki wake wakaoza wakiwa wamepangwa vizuri sana.

Kisha ulifika usiku wa kuanguliwa kwa mayai ya Kasa. Watoto walitoka mchangani, wakaona mwanga, wakaufuata. Walipitia miguuni mwa walevi, wakazunguka chini ya taa ya kilabu wakiitafuta bahari, mpaka kukapambazuka. Alfajiri ukoo mzima wa kunguru ulishuka kupata kifungua kinywa. Afisa Mauzo Mwandamizi alikuwa wa kwanza kutua. Kasa hakuwepo, kasa akishataga hurudi majini. Aliyeona yote ni Bi Kaa, kutoka shimoni mwake, na hakuwa na magando ya kutosha.

Mvua zikaanza. Mtwara mvua huanza Desemba na kwenda hadi Aprili, na kwa Mzee Kobe hiyo ndiyo miezi ya kukaza mkanda: korosho zimekwisha ghalani, muhogo ndio unashika nyumba. Mwenye kuishi kwa korosho hupata mara moja kwa mwaka. Hupeleka mzigo chama cha ushirika, husubiri mnada, kisha husubiri malipo, na malipo yana miguu yake. Msimu wa 2018 wanunuzi walipogomea bei, serikali ilituma jeshi kuzibeba korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wapo wakulima waliosubiri hela hiyo kwa miezi. Mtu wa namna hii ukimwambia alipe kila siku, unampimia siku ambazo hana. Mkataba ule ulikuwa umeandikwa na anayekula kila siku kwa ajili ya anayekula kwa msimu.

Februari Kobe alikosa siku tatu. Nyenje akafunga. Taa zikazima huku paneli iko juani, betri imejaa, na watoto wameketi gizani wakiusikiliza umeme wao ukiwa kifungoni. Kobe akakopa kwa Ngedere ili alipe. Akafunguliwa. Akafungwa tena. Ikaja Juni, majirani wakaanza kupuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga, na unga wa njano ukatanda juu ya paneli. Hakuna aliyeambiwa kwamba inapanguswa. Juu ya salfa wakapenda kupumzika kunguru, na kunguru akipumzika huacha alama. Nuru ikawa ya kuombea dua. Deni halikupungua kwa salfa.

Msimu wa pili ulipoiva, Kobe alikusanya kila alichokuwa nacho, akamaliza deni lote kwa mpigo. Kunguru wa kati, wakala wa njiani, alipokea magunia, akatoa stakabadhi yenye muhuri mzuri. Kobe akarudi nyumbani, akasubiri kufunguliwa. Usiku huo, kimya. Usiku wa pili, kimya.

Usiku wa tatu Bi Kaa akapanda ukuta upande upande, akabisha hodi kwenye boksi.

"Mjukuu wangu, mbona hufungui? Mzee kamaliza."

"Nasubiri mlio, bibi," alisema Nyenje. "Bila mlio siwezi."

"Mara ya mwisho uliusikia lini?"

Nyenje akafikiri. "Kabla ya kiangazi. Hata mshahara wangu wa mwezi wa tano sijauona."

Kampuni ilikuwa imekufa. Kunguru walikuwa wamegawana paa la ofisi wakaruka, na katika kuruka hakuna aliyekumbuka kuwaambia vijana wa ndani ya maboksi. Kijiji kizima kilikuwa kimefungwa kwa kufuli isiyo na mwenyewe. Hili nalo si la ndege peke yao. Mwaka 2019 Mobisol, kampuni ya Ujerumani iliyokuwa imewauzia wananchi wa Tanzania, Kenya na Rwanda mitambo ya namna hii, iliomba ulinzi wa ufilisi. Ikanunuliwa mwaka huo huo na Engie ya Ufaransa, kwa hiyo wateja wale walau walipata wa kuwarithi. Kobe alirithiwa na kimya.

"Sasa wewe unamfungia nani?" Bi Kaa aliuliza.

Lilikuwa swali ambalo Nyenje hakufundishwa kwenye semina. Alikaa, akalia kidogo kwa mazoea, kisha akatoka kwenye boksi, akaomba maji. Kwa gando moja Bi Kaa akakata waya uliopita kwenye kijumba cha Nyenje, kwa la pili akaunganisha ncha zilizobaki, Nyenje akimwelekeza upi ni upi. Taa ya Mzee Kobe ikawaka, hafifu, ya njano, kupitia salfa ya miezi mitano. Asubuhi watoto walipanda juu na kitambaa.

Kikao kikaitishwa. Bwana Ngedere alipendekeza iundwe kamati ya kufuatilia suala hilo, yenye posho. Kasa, aliyekuwa amerudi kutaga, alitoa hoja nyingine, na Bi Kaa akaiunga mkono. Ikaandikwa kwenye daftari la kijiji hivi: muuza taa yeyote aje usiku. Aiwashe, alale nayo hapa hapa mpaka alfajiri. Ataje bei yote kwa mkupuo mmoja. Mkataba usomwe wote kwa sauti, kwa lugha ya anayebonyeza. Na kuanzia magharibi, ufuoni isiwake hata moja.

Kunguru haruki usiku. Imepita misimu miwili, hajaonekana. Amekuja Popo wa Mikindani, mara moja, na taa tatu ndogo zenye kipaneli mgongoni; zilipofika alfajiri zikiwaka, Bi Kaa alinunua moja kwa kilo nne taslimu, na Nyenje ndiye anayezitengeneza siku hizi zikiharibika. Friji la Korongo linatunza chumvi ya Bi Kaa isilowe. Uchaguzi wa kijiji ni mwakani, na Bwana Ngedere ameshachukua fomu. Ameahidi umeme.